MZIZI, JINA LAKE NA KIPIMO CHAKE

Maelezo ya mhadhara kwa watumishi wa Serikali na wananchi kuhusu utafiti wa viini vya dawa katika mizizi ya miti shamba



Hapana nyumba katika visiwa hivi isiyojua habari ya mzizi. Bibi huuchemsha kwa ajili ya mjukuu mwenye homa. Mkunga humpa mzazi. Mganga huusaga, akaufunga katika karatasi, akamwambia mgonjwa achukue kidogo asubuhi na kidogo jioni. Elimu hii ni ya kale, na wengi wamenufaika nayo. Hata hivyo, yapo maswali matatu ambayo kila mzizi hapana budi uyajibu kabla haujaitwa dawa kwa maana kamili ya neno hilo. Swali la kwanza, ni mzizi wa mti gani hasa? La pili, ni kitu gani ndani yake kinachofanya kazi? La tatu, kinaponya kwa kipimo kipi, na kinaanza kudhuru kwa kipimo kipi?

Mhadhara huu unahusu njia ambazo wataalamu wa kemia huzitumia kuyajibu maswali hayo. Aidha, unaeleza kwa nini mwananchi wa kawaida, asiye na maabara, ni mshiriki wa lazima katika kazi hiyo.

HISTORIA YA MZIZI MMOJA

Mfano bora ni mzizi wa mmea wa India uitwao sarpagandha, ambao jina lake la kitaalamu ni Rauvolfia serpentina. Jina la Rauvolfia ni kumbukumbu ya Leonhard Rauwolf, tabibu na msafiri wa Kijerumani wa karne ya 16. Kwa karne nyingi waganga wa India waliutumia mzizi huo kwa aliyeumwa na nyoka, kwa asiyepata usingizi, na kwa mwenye wazimu. Mmea huu una jamaa zake katika Afrika. Rauvolfia vomitoria huota Kongo na Uganda, na Rauvolfia mombasiana, unaobeba jina la Mombasa, huota katika pwani ya Afrika Mashariki.

Mwaka 1931 mambo mawili yalitokea India. Huko Delhi, Salimuzzaman Siddiqui na Rafat Husain Siddiqui walifanikiwa kutoa katika mzizi huo fuwele safi za alkaloidi kadhaa. Mojawapo waliiita ajmalini, kwa kumuenzi Hakim Ajmal Khan, tabibu mashuhuri wa tiba ya Kiyunani aliyefariki mwaka 1927. Mwaka huo huo madaktari wawili, Sen na Bose, waliandika kwamba unga wa mzizi huo ulituliza wagonjwa wa akili na kuteremsha shinikizo la damu.

Ingedhaniwa kuwa kazi imekwisha: mzizi unafanya kazi, na viini vyake vimepatikana. Lakini haikuwa hivyo. Fuwele zile nzuri zilipojaribiwa moja moja, hakuna iliyoleta utulivu ule uliojulikana na waganga. Katika miaka ya 1940 watafiti wa India waliona jambo la ajabu. Masazo mazito yenye utomvu, yaliyobaki baada ya fuwele kuondolewa, ndiyo yaliyoleta usingizi.

Kila mpishi wa visiwani atalielewa jambo hili. Nazi ikikunwa na kukamuliwa, tui huwekwa kando na chicha hutupwa. Wataalamu wa mwanzo walilishughulikia tui, kwa kuwa ndilo lililokuwa safi na zuri kwa macho. Dawa waliyokuwa wakiitafuta ilikuwa imebaki katika chicha.

Mwaka 1949 Rustom Jal Vakil, daktari wa moyo wa Bombay, alichapisha katika jarida la Uingereza matokeo ya kuwatibu wagonjwa 50 wa shinikizo la damu kwa mzizi huo. Taarifa hiyo iliamsha hamu ya dunia. Hatimaye, mwaka 1952, Müller, Schlittler na Bein wa kampuni ya Ciba mjini Basel, Uswisi, walitangaza kwamba wameyachambua masazo yale na kupata ndani yake fuwele nyingine, waliyoiita reserpini. Hiyo ndiyo iliyoleta utulivu. Hawakuipata kwa kuangalia uzuri wa fuwele. Kila sehemu waliyoitenga waliijaribu kwa wanyama, wakaiacha isiyofanya kazi, na wakaendelea na ile inayofanya kazi. Njia hiyo ya kuongozwa na jaribio katika kila hatua ndiyo inayofuatwa hadi leo na kila maabara makini ya dawa za mimea.

HATUA ZA KAZI

Kazi ya kutenga na kutambua kiini cha mzizi hufuata hatua ambazo mtu yeyote anaweza kuzielewa.

Kwanza ni kuukusanya na kuuthibitisha. Mtaalamu wa mimea huchukua tawi lenye majani, maua na ikiwezekana matunda, hulikausha kati ya karatasi, na kuliandika mahali, tarehe na jina la kienyeji. Kielelezo hicho huhifadhiwa, ili miaka 50 baadaye mtu aweze kuhakikisha kwamba mzizi uliochunguzwa ulikuwa wa mti fulani na si mwingine. Bila kielelezo, matokeo yote yanayofuata hayana mwenyewe.

Pili, mzizi huoshwa, hukatwa vipande na kukaushwa kivulini, kwa sababu viini vingine huharibiwa na jua. Reserpini yenyewe ni miongoni mwa hivyo. Mzizi uliokauka husagwa, kisha unga huloweshwa katika spiriti ili viini vihame kutoka katika unga na kuingia katika maji ya spiriti. Baadaye spiriti hutolewa kwa moto mdogo, na kinachobaki ni donge zito la kahawia ambalo lina mamia ya vitu vilivyochanganyika.

Tatu ni kuchambua. Alkaloidi zina tabia moja inayomsaidia mtaalamu: zikitiwa asidi hafifu nyingi huyeyuka katika maji, na zikitiwa amonia huyaacha maji na kuhamia katika kimiminika kama klorofomu. Kwa kuzihamisha hivi huku na huku, mtaalamu huziacha nyuma sukari, mafuta na rangi. Hata hivyo, alkaloidi hafifu kama reserpini haifuati kanuni hii kwa utiifu kama wenzake, na hiyo ni sababu mojawapo ya kubaki kwake katika masazo kwa miaka 20.

Nne ni kromatografia. Mchanganyiko hutiwa juu ya bomba la kioo lililojazwa unga mweupe wa silika, kisha kimiminika humiminwa polepole. Mfano wake ni watu wanaopita katika soko la Darajani asubuhi. Asiyekuwa na shughuli hupita moja kwa moja akatokea upande wa pili, na anayesimama kila duka huchelewa. Baadhi ya viini hushikamana na silika na kuchelewa, vingine hupita upesi. Mwishoni kila kimoja hutoka kwa wakati wake, nacho hukingwa katika chupa yake. Njia hii ilianzishwa na Mikhail Tswett, mtaalamu wa mimea wa Urusi, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 alitenganisha rangi za majani kwa bomba la unga wa chokaa.

Tano ni kutambua. Kiini kikishakuwa safi, huulizwa maswali kwa vyombo mbalimbali. Chombo kimoja hupima uzito wa molekuli. Kingine, chenye sumaku ya nguvu kubwa, huonyesha jinsi atomi za kaboni na haidrojeni zilivyopakana. Kikiwa ni fuwele nzuri, miale ya eksirei huweza kuonyesha umbo lake lote. Kwa njia za zama zake, iligundulika kwamba molekuli ya reserpini ina atomi 33 za kaboni, 40 za haidrojeni, 2 za naitrojeni na 9 za oksijeni. Mwaka 1956 Robert Burns Woodward na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, waliweza kuiunda molekuli hiyo yote katika maabara. Hapo umbo lake likathibitika pasi na shaka.

FAIDA YA KUJUA KIPIMO

Mwananchi anaweza kuuliza: ikiwa mzizi mzima ulikuwa ukifanya kazi tangu zama za mababu, pana haja gani ya taabu zote hizi? Jibu limo katika hesabu.

Katika kilo 1 ya mizizi mikavu ya sarpagandha, reserpini ni kiasi cha gramu 1, na mara nyingi haifiki hapo. Kipimo cha reserpini kwa mtu mzima mwenye shinikizo la damu hakikuzidi, kwa kawaida, robo ya miligramu kwa siku. Ina maana kwamba gramu 1 ilitosha vipimo 4,000. Ina maana pia kwamba unga wa mzizi unaobeba kipimo cha siku moja una uzito wa robo ya gramu. Kijiko cha chai kilichojaa huchukua gramu 2 au zaidi. Kwa hiyo anayeambiwa achukue kijiko kimoja amepewa vipimo vinane kwa mara moja, ikiwa mzizi ule una nguvu ya kawaida. Ikiwa umechimbwa mahali pengine au kwa msimu mwingine, nguvu yake yaweza kuwa nusu au maradufu, na hapana jicho linaloweza kuitambua tofauti hiyo.

Kipimo kikizidi, reserpini hupunguza mno mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na huweza kuamsha vidonda vya tumbo. Baadhi ya waliotumia kwa muda mrefu walipatwa na huzuni nzito. Ndiyo maana siku hizi madaktari wanaitumia kwa nadra, baada ya kupatikana dawa nyingine zenye madhara madogo. Hata hivyo, kutengwa kwake hakukupotea bure. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura reserpini, wakawa hawawezi kujongea. Alipowapa kitu kiitwacho L-dopa waliinuka tena. Jaribio hilo lilisaidia kufungua mlango wa matibabu ya maradhi ya Parkinson, na mwaka 2000 Carlsson alishiriki Tuzo ya Nobel. Jaribio kama hilo lisingewezekana kwa unga wa mzizi usiojulikana una nini na kiasi gani.

HATARI YA JINA LISILO SAHIHI

Liko jambo jingine zito kuliko kipimo, nalo ni jina. Mwaka 1993 madaktari wa Ubelgiji walitangaza kwamba wanawake waliokuwa wakitumia vidonge vya kupunguza unene, vilivyochanganywa na mitishamba ya Kichina, walikuwa wakiharibikiwa figo. Uchunguzi ulionyesha kuwa mzizi uliokusudiwa ulikuwa wa mmea uitwao Stephania tetrandra. Uliotiwa ulikuwa wa Aristolochia fangchi. Majina ya mimea hiyo miwili kwa Kichina yanakaribiana, na mizizi yake ikishakatwa na kukaushwa haitofautiani kwa macho. Huo wa pili una asidi ya aristolokia, ambayo huua figo na huleta saratani ya njia ya mkojo. Waliodhurika walizidi 100. Baadhi yao waliishia kuhitaji kubadilishiwa figo.

Wote hao walikunywa mzizi uliokuwa na jina zuri kwenye karatasi. Laiti mtu mmoja angechukua kipande, akakipitisha kwenye kromatografia, akakilinganisha na kielelezo, sumu ile ingeonekana kabla ya kidonge cha kwanza kumezwa.

Visiwani nako majina hayako salama. Mwarobaini wanaoujua watu wote ni mmoja, lakini upo mti mwingine wa ukoo wake, mmelia, ambao baadhi ya watu wa Afrika Mashariki huuita pia mwarobaini, na matunda yake yana sumu. Jina la Kusini Unguja laweza kuwa la mti mmoja, na jina hilo hilo huko Micheweni likawa la mti mwingine. Ikiwa hali ni hiyo kwa mti uliosimama na majani yake, itakuwaje kwa kipande cha mzizi kikavu kilichofungwa katika gazeti?

MZIZI UKICHIMBWA, MTI HUFA

Suala la tatu ni uhai wa mti wenyewe. Anayechuma jani humwachia mti nafasi ya kuchipua. Anayechimba mzizi mkuu ameukata mti roho. Sarpagandha ilipopata umaarufu duniani, ilichimbwa kwa pupa porini hata ikalazimu, mwaka 1990, biashara yake baina ya nchi na nchi iwekwe chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa uitwao CITES. Wanunuzi waligeukia pia Rauvolfia vomitoria wa Afrika, nao ukachimbwa kwa wingi huko Kongo.

Unguja na Pemba ni visiwa vidogo. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba wakaazi wake wanakaribia milioni 1.9. Sehemu kubwa ya upande wa mashariki wa Unguja ni ardhi ya maweni, ambako udongo ni haba na mti huchukua muda mrefu kukua. Msitu wa Jozani na msitu wa Ngezi haina pacha. Mti ukiisha hapo hapana bara la jirani ndani ya kisiwa la kwenda kuuchukua tena. Na mti ukiisha kabla haujachunguzwa, kinachopotea ni zaidi ya kuni na kivuli. Hupotea pia kiini ambacho huenda hakuna mtu duniani aliyewahi kukiona.

Kemia inaweza kusaidia hapa. Mtaalamu akishakijua kiini, anaweza kupima kama kimo pia katika majani au matawi, ili mzizi uachwe. Si kila mti utakubali. Majani ya sarpagandha yana reserpini kidogo mno. Lakini kwa mti ambao utakubali, maisha yake yameokolewa kwa jaribio la siku chache. Kwa ule usiokubali, kilimo chake katika vitalu ndiyo njia iliyobaki.

HAKI YA MWENYE ELIMU

Yapo malalamiko ya haki kwamba wataalamu huja, huuliza, huchukua mizizi na kuondoka, na mzee aliyewaonyesha njia asisikie habari tena. Historia ya mzizi wa sarpagandha inaonyesha kwamba bila waganga wa India hapana maabara ambayo ingejua pa kuanzia. Dunia imelikiri jambo hilo. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2014, imeweka kanuni kwamba ruhusa itafutwe mapema, na kwamba faida igawanywe kwa uadilifu na wale ambao elimu yao imetumika. Mganga anayetoa siri yake ana haki ya kuuliza inakwenda wapi, na kuandikwa jina lake kama akipenda. Aidha, hapana budi ijulikane kwamba siri isiyoandikwa popote haina wa kuitetea. Mzee akifariki nayo, imezikwa.

Utafiti wa namna hii si jambo la nchi za mbali tu. Katika Muhimbili, Dar es Salaam, kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa mwaka 1974, na baadaye kikawa taasisi kamili. Wataalamu wa kemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao wamechunguza mimea mingi ya Tanzania inayotumiwa kutibu malaria na kutenga viini vyake. Na kwa upande wa visiwa, mfano wa karibu ni karafuu yenyewe. Mafuta yanayokenekwa Pemba kutokana na makonyo yana kiini kikuu kiitwacho eujenoli, ambacho kimetengwa, kimepewa jina, kinapimwa, na madaktari wa meno wanakitumia duniani kote. Mkarafuu umeishi kwa sababu kinachochumwa ni maua na vikonyo vyake, na mizizi imeachwa ardhini.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kwa mintarafu ya maelezo haya, watumishi na wananchi wanaombwa kuzingatia yafuatayo:

1. Mgonjwa anayetumia mzizi wowote amweleze daktari kabla ya kupewa dawa ya hospitali, hasa dawa ya shinikizo la damu, kisukari au figo. Daktari naye asikilize bila ya kumkebehi, kwani anayekebehiwa leo atanyamaza kesho.

2. Mzizi usinunuliwe kwa jina peke yake. Muuzaji aulizwe umechimbwa wapi, na majani ya mti wake yaonekane.

3. Mama mjamzito na mtoto mdogo wasipewe mzizi ambao kipimo chake hakijulikani.

4. Anayechimba achukue mizizi ya pembeni upande mmoja tu, afukie shimo, na asirudi kwenye mti huo mpaka upone. Mzizi mkuu usiguswe.

5. Waganga na wazee wanaojua miti adimu washirikiane na masheha na maofisa wa misitu ili miti hiyo iandikwe kwa majina yake yote ya kienyeji na kupandwa katika vitalu.

6. Mtafiti anayefika kijijini aonyeshe kibali chake, aeleze madhumuni yake, aache kielelezo nchini, na arudi kueleza alichokipata.

Ndugu wananchi, reserpini ilikaa katika masazo kwa miaka 20 kwa sababu waliyoyashika mkononi hawakuyajaribu mapema. Katika misitu na mashamba ya visiwa hivi ipo mizizi ambayo haijaulizwa hata swali la kwanza. Kila mti unaoandikwa, kila kielelezo kinachohifadhiwa na kila mzizi mkuu unaoachwa ardhini unaiweka kazi hiyo ndani ya uwezo wa watoto wanaosoma sasa kemia katika skuli za Unguja na Pemba. Kazi ya watu wazima wa leo ni kuhakikisha kwamba watoto hao watakapofuzu, mti watakaoutaka utakuwa bado umesimama.